BARAZA SI GULIO

Katika mtaa mmoja wa mji wetu mzee aliyeheshimika aliaga dunia usiku. Jamaa zake walikuwa wamesema atazikwa alasiri, lakini kabla ya mapambazuko wakakubaliana azikwe saa nne asubuhi. Habari ya kubadilika kwa saa ilipelekwa mara moja katika kundi la WhatsApp la mtaa, kundi ambalo wakazi wenyewe walilianzisha kwa ajili ya kupashana habari za misiba, maji na ulinzi. Baada ya habari hiyo yakafuata mengine: dawa ya kupunguza tumbo, viwanja vya bei nafuu, mkopo wa dakika tano usio na dhamana, picha ya mtaka uongozi akigawa jezi, na ujumbe mrefu uliomwamuru kila anayeusoma autume kwa watu 10 kabla jua halijatua. Rafiki wa marehemu tangu utotoni, aliyekaa naye ukumbi mmoja wakisoma juzuu, alifungua simu yake saa tatu, akaukuta msururu huo wa matangazo, akaifunga asije akamaliza kifurushi chake. Alifika makaburini wakati wa alasiri, akakuta watu wamekwisha kutawanyika.

Hakuna hata mmoja katika wale waliotangaza aliyekusudia kumnyima mzee yule haki ya kumtupia mwenzake udongo. Muuza dawa aliwaza dawa zake, na mwenye viwanja aliwaza viwanja vyake. Lakini jumla ya mawazo yao ilikuwa ni dhuluma, na dhuluma haigeuki kuwa halali kwa sababu waliyoitenda walikuwa wengi na kila mmoja alitenda kidogo. Ndiyo maana leo tumeonelea tulizungumze jambo hili ambalo wengi hulichukulia kuwa ni kero ndogo, nalo kwa hakika ni suala la mali ya umma na namna ya kuitunza.

Tuanze na swali ambalo katika kila jambo la uchumi halina budi kuulizwa: nani hulipa? Gazeti linapochapisha tangazo la biashara, mwenye biashara hulipa, na fedha yake husaidia kununua karatasi na wino, hata msomaji akalipata gazeti kwa bei anayoimudu. Redioni ni vivyo hivyo. Hata yule mpiga mbiu wa zamani, aliyezunguka mji mzima akipuliza pembe, alipewa ujira wake na aliyemtuma, wala hakuna aliyesikia mbiu akadaiwa. Katika makundi ya simu mambo yamepinduliwa miguu juu, kichwa chini. Anayetangaza halipi kitu. Anayelipa ni anayetangaziwa, naye hulipa kwa kifurushi alichokinunua kwa jasho lake, hulipa kwa nafasi katika simu yake inayojaa picha asizoziomba, na hulipa kwa muda wake.

Muda huo si mdogo kama unavyodhaniwa. Tangu mwaka 2022 kundi moja la WhatsApp laweza kuwa na watu hadi 1,024. Ikiwa kila mmoja wao atatumia sekunde 10 tu kulifungua tangazo moja, kulitazama na kulipita, jumla yake ni sekunde 10,240, yaani muda unaokaribia saa tatu. Mtu mmoja, kwa kubonyeza mara moja, amechukua karibu saa tatu za umri wa wenzake bila ya kutoa senti. Wakubwa zetu walikuwa na jina fupi la mtu anayeishi kwa kufyonza cha wengine, walimwita kupe. Nasi hatuoni sababu ya kulibadilisha jina hilo kwa kuwa tu kupe wa leo anatumia simu.

Yafaa msomaji afahamu kwamba maradhi haya si mapya, na kwamba yalianza mara tu watu walipopata chombo cha kuwafikia wengi kwa gharama ndogo. Tarehe 3 Mei, 1978, nchini Marekani, Gary Thuerk, mtu wa mauzo katika kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation, alituma tangazo la mitambo ya kampuni yake kwa watu takriban 400 waliokuwa wakitumia ARPANET, mtandao uliogharimiwa na wizara ya ulinzi ya nchi hiyo kwa ajili ya utafiti na shughuli za serikali. Wasimamizi wa mtandao walikasirika na kumkemea, maana chombo kilichojengwa kwa fedha za umma kilikuwa kimegeuzwa kibanda cha biashara.

Miaka 16 baadaye likatokea kubwa zaidi, nalo linatugusa hata sisi wa Afrika Mashariki. Mwezi Aprili 1994 mawakili wawili wa jimbo la Arizona, Laurence Canter na mkewe Martha Siegel, walipachika tangazo moja katika maelfu ya mabaraza ya mazungumzo ya mtandao wa Usenet, bila kujali kama baraza lilihusu hisabati, mapishi au ufugaji. Walichokuwa wakikinadi ni huduma ya kuwaandikia watu maombi ya bahati nasibu ya Green Card, ile ile ambayo kwa miaka mingi vijana wetu waliipangia foleni katika vibanda vya intaneti. Wakati ule kuingia katika bahati nasibu hiyo kulikuwa bure. Mawakili wale walitaka walipwe kwa kazi ambayo mwombaji angeweza kuifanya mwenyewe kwa kalamu na stempu. Wenye mabaraza waliwajibu kwa malalamiko mengi mno hata mitambo ya kampuni iliyowapa laini ikazidiwa, nayo ikawakatia huduma. Je, walijuta? La hasha. Mwaka ule ule walitoa kitabu cha kuwafundisha wengine jinsi ya kutajirika kwa njia hiyo. Mwaka 1997 Canter alifutiwa uwakili katika jimbo la Tennessee, na tangazo lile lilikuwa miongoni mwa sababu.

Wenyewe wakaupa uchafu huo jina la nyama ya kopo, Spam. Asili ya jina hilo ni mchezo wa kuchekesha wa televisheni ya Uingereza wa mwaka 1970, ambamo jina la nyama hiyo hurudiwa na kurudiwa hata mazungumzo mengine yote yakazama. Tunaona jina hilo lilichaguliwa kwa busara. Nyama ile yenyewe haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa ni kurudiwa kwake mpaka mtu mwingine asisikike.

Asije mtu akadhani kwamba haya ni ya Wazungu tu. Katika historia ya pwani yetu kuna kisa kinachojulikana kama Barua ya Makka. Mwaka 1908, katika koloni la Wajerumani, barua iliyosimulia ndoto ya mtunza kaburi la Mtume huko Madina ilienea kutoka Lindi hadi sehemu nyingine za nchi. Ilionya juu ya maovu ya zama, na kumtaka kila aliyeipata aifikishe kwa wengine. Hapakuwa na simu za mkononi. Barua ilinakiliwa kwa mikono na kusafiri mifukoni mwa watu. Serikali ya kikoloni, ambayo ilikuwa imetoka kuyazima Maji Maji kwa moto na njaa, iliingiwa na hofu kubwa ikaisaka barua hiyo kila ilikopita. Kisa hicho kina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba ujumbe wa namna hii hauna miguu. Hutembea kwa miguu ya anayeupokea, na siku atakapokataa kuubeba ndiyo siku utakapokufa. La pili ni kwamba mtawala mwenye hofu huona kila karatasi kuwa ni uasi, na kwa hofu hiyo hukosea dawa. Mafunzo yote mawili tutayarudia.

Kwanza lakini tutenge pumba na mchele. Yuko mama mmoja katika kundi la mtaa tulioutaja, auzaye changu na ngisi. Alfajiri mashua zinaporudi hutuma mstari mmoja tu: samaki wamepatikana, bei ni hii. Hana picha kumi wala sauti ya dakika tano. Kukiwa na msiba ni wa kwanza kuleta mchango, na maji yakikatika ndiye anayeeleza bomba lipi linatoka. Je, huyu naye ni kupe? Sisi tunasema si kupe. Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini hata samaki mzuri akikosa wa kumnadi huoza kapuni. Kujitangaza peke yake si dhambi, na hatutaki makala haya yawe rungu la kuwapigia akina mama na vijana wanaotafuta riziki ya halali.

Tofauti yao iko katika mambo matatu, na kila mwanachama wa kundi anaweza kuyapima. Mosi, je, mtu huyu anajulikana, anaweza kufuatwa nyumbani kwake bidhaa ikiwa mbovu? Pili, je, ana lolote analolileta katika kundi zaidi ya bidhaa yake? Tatu, je, akiambiwa basi, huacha? Mama wa samaki anapita katika maswali yote matatu. Muuza dawa asiyejulikana, aliyeingia kundini jana kwa kiungo alichookota, anaanguka katika yote.

Wa aina nyingine kabisa ni tapeli, naye hastahili kuitwa mfanyabiashara. Huyu ndiye anayetuma ujumbe wa kumtaka mtu apeleke fedha kwa namba fulani kana kwamba wamekwisha kuagana, au anayewaahidi wastaafu faida nono kwa wiki moja ilimradi kila mmoja aingize wenzake. Nchini Tanzania usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulianza Mei 1, 2019, na laini ambazo hazikusajiliwa zikaanza kufungwa Januari 20, 2020. Hatua hiyo ilikuwa njema, lakini tapeli hakutoweka. Silaha ya mwananchi ni kuipeleka namba ya tapeli kwa 15040, namba iliyowekwa kwa kazi hiyo, badala ya kucheka, kufuta na kumwachia tapeli aende kwa jirani ambaye huenda ni mjane asiyejua.

Na hapa hatuna budi kujisema wenyewe. Ni rahisi kumnyoshea kidole muuza dawa, na ni vigumu kumnyoshea aliye mkubwa. Kila majira ya uchaguzi yanapokaribia, makundi ya misiba, ya wazazi na hata ya wagonjwa hujaa picha za watu wanaojipitisha. Mmoja atatoa mabati 20 akatuma picha 40. Mwingine atafika hospitalini, na kabla hajamjulia hali mgonjwa amekwisha kupigwa picha kando ya kitanda. Wapambe wao huzisambaza picha hizo asubuhi, mchana na jioni, na msimamizi wa kundi, anayemtoa muuza viatu kwa tangazo moja, hukaa kimya kwa kuwa anangoja kukumbukwa. Sisi tuliolelewa katika uongozi wa vikao tulifundishwa kwamba kiongozi hutangazwa na kazi yake, na kwamba majivuno ni sumu ya uongozi. Mwenye kutaka kura anao wakati wake uliowekwa na taratibu, na anayo mikutano yake. Matanga ya watu si jukwaa lake.

Kuna hatari nyingine, nayo ndiyo inayotufanya tuwe waangalifu katika kupendekeza dawa. Fagio linalofagia takataka laweza pia kumfagia mwenye neno la kweli. Tunajua makundi ambamo mwanachama aliyeuliza hesabu za michango aliambiwa analeta fujo akaondolewa, huku matangazo ya rafiki wa msimamizi yakiendelea kumiminika. Tunajua pia makundi ambamo msimamizi, kwa kuchoshwa na kero, alifunga midomo ya wote akabaki akisema peke yake. Chombo cha kufanya hivyo kipo tangu mwaka 2018, na kwa matangazo ya dharura kina faida. Lakini kundi la wakazi likifungwa daima si baraza tena. Ni ubao wa matangazo wa mtu mmoja. Huko ndiko kukosea dawa kama alivyokosea mtawala wa 1908. Swali la hesabu haliwi takataka kwa kuwa linamuudhi mwekahazina.

Je, sheria itatuokoa? Itasaidia, lakini haitatosha. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwongozo mwaka 2002 kwamba tangazo la barua pepe lisitumwe kwa mtu binafsi ila kwa idhini yake ya awali, isipokuwa kwa mteja ambaye tayari ana uhusiano na muuzaji. Marekani ilipitisha sheria yake mwaka 2003, nayo ikachagua njia ya kinyume: mtangazaji aruhusiwe kutuma mpaka mpokeaji aseme sitaki. Kwa maneno mengine, Ulaya mlango umefungwa mpaka mwenye nyumba aufungue. Marekani mlango u wazi mpaka mwenye nyumba aamke aufunge. Hapa kwetu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa ujumbe usioombwa unaotumwa kwa nia ya kutenda kosa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda mwananchi dhidi ya namba na taarifa zake kutumiwa ovyo. Kenya nayo ilitunga ya kwake ya kulinda taarifa mwaka 2019. Hayo ni maendeleo. Hata hivyo, hakuna askari wala hakimu atakayekaa ndani ya kila kundi la harusi kuhesabu matangazo.

Wala mitambo peke yake haitatuokoa. Januari 2004, Bill Gates, tajiri wa kompyuta, alisema huko Davos kwamba tatizo la barua taka litakuwa limekwisha baada ya miaka miwili. Zaidi ya miaka 20 imepita, na takataka zingali zikitufuata.

Lililoonyesha matunda ni jambo dogo: kuweka kizuizi mahali ambapo kutuma kulikuwa kurahisi kupita kiasi. Baada ya uvumi wa simu kuchangia mauaji ya watu wasio na hatia nchini India mwaka 2018, WhatsApp iliweka kikomo, na kufikia Januari 2019 mtu popote duniani hakuweza kuupeleka ujumbe mmoja mbele kwa zaidi ya makundi au watu watano kwa mkupuo. Aprili 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi ukaruhusiwa kupelekwa mahali pamoja tu kwa mara moja. Kampuni hiyo ilieleza kwamba ujumbe wa aina hiyo ulipungua kwa asilimia 70. Hakuna aliyefungwa jela wala aliyezibwa mdomo. Watu walilazimishwa kufikiri kidogo kabla ya kubeba mzigo wa mwingine, na wengi wao, walipofikiri, waliutua.

Kwa hiyo sisi tunasema, na tunawataka wananchi walizungumze jambo hili katika makundi yao wenyewe, kwamba kila kundi lijiwekee taratibu tano.

Kwanza, kusudi la kundi liandikwe kwa mistari michache na kila aingiaye alisome kabla ya jambo lolote. Kundi la misiba liitwe la misiba na libaki la misiba.

Pili, biashara ipewe siku yake. Miji yetu ina desturi ya gulio: siku moja katika wiki watu huleta walichonacho, na kesho yake uwanja hufagiwa. Kundi nalo laweza kuamua kwamba Jumamosi, kwa mfano, kila mwanachama ataruhusiwa tangazo moja la maneno machache. Mama wa samaki, kwa kuwa samaki hawangoji Jumamosi, wanakundi waweza kumkubalia mstari wake wa alfajiri. Lakini wakubaliane wote, isiwe hisani ya msimamizi.

Tatu, sheria iwe msumeno. Inayomkata muuza viatu imkate na mheshimiwa, na imkate msimamizi mwenyewe.

Nne, mkosaji aonywe faraghani mara ya kwanza, aonywe mbele ya wote mara ya pili, na atolewe mara ya tatu. Tapeli asionywe, atolewe papo hapo na namba yake iripotiwe. Wasimamizi wasipungue wawili, na anayetolewa aelezwe sababu, wanakundi nao waijue, ili fagio lisitumike gizani.

Tano, kila mmoja wetu akatae kuwa hamali wa bure. Ujumbe unaotisha au kuahidi baraka kwa kuusambaza uishie kwako. Ukimwona mtu ameleta takataka, usimjibu kwa maneno 20 ya hasira, kwani hasira yako nayo ni sekunde 10 za kila mwenzako. Mwarifu msimamizi, kisha nyamaza.

Watakuwapo watakaosema tunalifanya jambo dogo kuwa kubwa. Tunawajibu kwamba watu wetu wengi leo hawana njia nyingine ya kuitana. Mgonjwa anayehitaji damu hutangazwa humo, mtoto aliyepotea hutafutwa humo, na habari ya mafuriko hupita humo. Mwananchi akizoea kwamba kila mlio wa simu ni tangazo la dawa, ataacha kusikiliza, na siku atakapoitwa kwa jambo la uhai na mauti hataitika. Kisima cha mtaa hakiharibiwi na adui peke yake; huharibiwa pia na jirani anayeoshea baiskeli yake kisimani kila asubuhi, akisema maji ni mengi.

Mzee yule aliyekosa mazishi ya rafikiye hakumlaumu mtu. Alikwenda kwa wafiwa, akawapa mkono wa rambirambi, akaomba radhi kana kwamba kosa lilikuwa lake. Kosa halikuwa lake. Tunawaomba wasimamizi wa makundi katika mkoa wetu, na kila aliye mwanachama wa kundi lolote, wakutane wiki hii hii waweke taratibu, kabla tangazo jingine la msiba halijafunikwa.